Nisubiri Mac mpya itoke, au nichukue M1 sasa?

*Habari za kazi mtaalamu. Nahariri video za harusi na send-off hapa Dodoma. Natumia MacBook Air ya 2019, ya Intel, RAM GB 8, niliinunua used. Kwenye grupu letu la WhatsApp la wapenzi wa Mac kila siku zinapita habari: mara Apple wameifuta Intel na mashine zetu zitazimika, mara inakuja MacBook Pro ya kugusa kioo, mara M1 nayo iko njiani kutupwa. Nina akiba ya milioni moja na laki saba, na kuna jamaa Kariakoo ananiuzia MacBook Air ya M1. Wengine wanasema nisubiri mpya zitoke bei zishuke, wengine wanasema niuze hii haraka kabla haijawa skrepa. Nishike lipi?*

Ndugu yangu, pole kwa kelele za grupu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: mashine uliyonayo ina maisha gani, habari za mashine zijazo ziaminiwe kiasi gani, na hela uitoe au uikalie. Wenzako wameyachanganya yote, ndiyo maana kila ushauri unaopewa unapingana na wa jana yake. Tuanze na mashine yako, maana hapo hatuhitaji fununu yoyote. Apple wenyewe wameshasema.

Juni 2020 Apple ilitangaza kuwa inaachana na chipu za kampuni ya Intel na kuhamia chipu zake yenyewe, na Novemba mwaka huo huo zikatoka Mac za kwanza zenye M1, chipu yake ya kwanza kwa Mac. Juni 2025, kwenye mkutano wake wa watengeneza programu, ikasema wazi kwamba macOS Tahoe, toleo la 26 la mfumo endeshi wa Mac, ndilo la mwisho kupokea mashine za Intel. Tena si zote. Ni nne tu: MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne ya kuchomekea waya, iMac ya 2020 na Mac Pro ya 2019. Yako haimo humo. Na haikuachwa mwaka huo. Iliachwa mwaka mmoja kabla, pale Sequoia, toleo lililotangulia Tahoe, lilipotaka Air ya 2020 kwenda mbele. Yako iliishia Sonoma, toleo la kabla ya hapo, lililotoka Septemba 2023. Kwa hiyo habari iliyowatia hofu kwenye grupu ilikupita wewe zamani, na mashine yako imeendelea kuwaka kila asubuhi.

Hilo la "kuzimika" ndilo linalonikera zaidi katika yote uliyotumiwa. Hakuna kitufe Apple watakachobonyeza California, Mac ya Dodoma ikafa. Kinachokoma ni masasisho. Desturi ya Apple ni kutoa masasisho ya usalama kwa toleo la sasa na mawili yaliyotangulia, kwa hiyo toleo la 27 likishatoka, kwa desturi hiyo Sonoma inatoka kwenye hesabu. Baada ya hapo mashine inafanya kazi kama jana, ila tundu jipya la usalama likigunduliwa halizibwi. Kisha vinafuata vivinjari: Chrome 138, kwa mfano, ndiyo ya mwisho kukubali macOS 11, na matoleo mengine yatafikiwa kwa zamu yake. Halafu programu ya kuhariri itakuja na toleo jipya linalodai mfumo ambao wewe huwezi kuuweka, na mteja wako au mwenzako wa kamera atakutumia mradi ambao toleo lako haliufungui. Ndivyo mashine inavyozeeka: mlango mmoja leo, mwingine mwakani.

Kwa nini basi Apple waitupe Intel wakati mashine bado ni nzima? Chipu ya Intel na chipu za Apple hazielewi maagizo ya aina moja. Kila kipande cha macOS kinapaswa kutengenezwa mara mbili, kujaribiwa mara mbili, na kurekebishwa mara mbili kikiharibika. Programu nyingi za kipindi cha mpito zimebeba matoleo yote mawili ndani ya faili moja, na zile zilizobaki na la Intel tu zinatafsiriwa na Rosetta 2, chombo cha Apple cha kutafsiri, zikiwa kwenye mashine za M. Apple wamesema Rosetta itaendelea kama ilivyo mpaka macOS 27, kisha itabaki sehemu yake tu kwa ajili ya michezo ya zamani. Zingatia hapo kwenye Rosetta hata kama utanunua M1. Wahariri wa harusi mna tabia ya kubeba plugin (vipachiko vya programu) za mpito wa picha na rangi za miaka na miaka, nyingine zimepakuliwa mahali ambapo sitauliza. Fungua Activity Monitor, programu ya Mac inayoonyesha zinazofanya kazi, ukiwa kwenye M1, tazama safu iliyoandikwa Kind: programu itakayosema Intel ndiyo unayopaswa kuitafutia toleo jipya au mbadala mapema.

Sasa hizo fununu. Sizidharau, nami nazisoma kila wiki kwa raha zangu. Ila anayesoma inabidi ajue zinatoka jikoni gani. Zipo za watu wenye vyanzo ndani ya kampuni, na anayejulikana zaidi ni Mark Gurman wa Bloomberg. Zipo za wachambuzi wanaofuatilia viwanda vya Asia vinavyotengeneza vioo, betri na chipu. Ming-Chi Kuo ndiye jina utakaloliona mara nyingi. Zipo zinazochimbwa ndani ya matoleo ya majaribio ya macOS, ambamo Apple husahau jina la mashine isiyotoka. Zipo hata za makaratasi ya serikali: nchi za Umoja wa Uchumi wa Eurasia, Urusi ikiwemo, hudai vifaa vyenye usimbaji (teknolojia ya kuficha data) viandikishwe kabla ya kuuzwa, na namba za modeli za Apple zimekuwa zikionekana kwenye daftari hilo kabla ya tangazo. Na mwisho kabisa zipo video za vijana waliochora mashine wenyewe kwenye kompyuta, wakaweka muziki, wakaandika "imevuja". Hizo ndizo zinazosafiri haraka kwenye WhatsApp, kwa sababu zina picha.

Hata fununu ya jiko zuri ina mipaka yake. Aprili 2018 Bloomberg iliandika kuwa Apple inapanga kuweka chipu zake kwenye Mac kuanzia 2020 hivi, na ikawa kweli kabisa. Lakini aliyeisoma siku ile na kukataa kununua alikaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila kompyuta. Mwaka 2021 watu waliambiwa MacBook Pro mpya zenye "M1X" zitatoka kwenye mkutano wa Juni. Zilitoka Oktoba, na hakuna chipu iliyoitwa M1X, ziliitwa M1 Pro na M1 Max. Mashine zilikuwa za kweli, tarehe na jina havikuwa. Oktoba 2024 mambo yalikwenda mbali zaidi: MacBook Pro ya M4 ilionekana mikononi mwa watu wa YouTube nchini Urusi, boksi limefunguliwa, kabla Apple haijatamka neno.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwishoni mwa 2004. Zilivuja habari za kifaa cha muziki kilichopewa jina la siri Asteroid, cha kuunganisha gitaa na Mac. Apple ilikwenda mahakamani ikitaka ijulikane nani kavujisha, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya California ikawalinda waliochapisha. Maana yake habari ilikuwa ya kweli; kampuni haihangaiki mahakamani kutetea siri ambayo haipo. Lakini Asteroid haikuuzwa kamwe. Na usidhani tangazo rasmi nalo linatosha kila mara: AirPower, ile sahani ya kuchajia, Apple waliionyesha jukwaani Septemba 2017, na Machi 2019 wakasema hawataitoa. Ukweli wa fununu na kitu kufika dukani ni mambo mawili tofauti, na kwako wewe linaongezeka la tatu: kufika Kariakoo kwa bei yako.

Hiyo Mac ya kugusa kioo, basi. Bloomberg imeizungumzia tangu Januari 2023, na imerudia Oktoba 2025 kwamba inaandaliwa, tena ikiwa na kioo cha OLED, ambacho kila nukta hujiwashia mwanga wake. Mimi naona ina uzito, ingawa Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa Apple, mwaka 2010 aliikataa hadharani akisema mkono unachoka kugusa kioo kilichosimama wima. Lakini itazame kwa jicho la pochi yako. Ikitoka itakuwa MacBook Pro, na bei ya juu ya Pro. Watakaoikimbilia ni wenye Pro za M3, M4, M5. Hizo ndizo zitakazoingia sokoni used kwa wingi. Air ya M1 ya jamaa wa Kariakoo haitikisiki kwa hilo. Wanaokwambia usubiri bei zishuke wanafikiria duka la New York, ambako modeli mpya ikiingia ya jana inashushwa bei siku hiyo hiyo. Soko letu la used linasukumwa na mambo mengine: bei ya dola, mzigo ulioingia kutoka Dubai au Uingereza, na kampuni za huko kurudisha kompyuta za wafanyakazi wao baada ya miaka mitatu minne. Bei ya M1 itaendelea kuteremka pole pole, hiyo ni kawaida ya kila mashine. Ukisubiri miezi sita kwa ajili ya tofauti ndogo huku ukikataa kazi za harusi, hesabu yako mwenyewe itakuumbua.

Kuhusu M1 kutupwa: mpaka naandika jibu hili Apple haijatoa tarehe yoyote. Anayekutajia mwaka ameubuni. Linalojulikana ni kwamba Tahoe inaipokea M1, na kwamba Apple yenyewe iliendelea kuiuza Air hiyo mpaka Machi 2024. Mwezi huo huo Walmart ya Marekani ikaanza kuiuza kwa dola 699. Hesabu ya Apple ya vipuri huanza pale kifaa kinapoacha kuuzwa: miaka mitano baadaye ndipo kinaitwa cha zamani, na saba ndipo vipuri hukoma kabisa kwa mashine nyingi. Kwa hiyo M1 si kitoto, lakini si mzee wa kuagwa.

Na tofauti utaisikia mkononi. Air yako ya 2019 ina chipu ya viini viwili tu vya kufanyia hesabu, ya kuokoa umeme, na feni yake haijaunganishwa na chuma kinachobeba joto la chipu. Inapuliza hewa ndani ya boksi, ndiyo maana inavuma huku inapunguza kasi ukianza ku-render, yaani kutoa video iliyokamilika. M1 ina viini vinane, haina feni kabisa, na ina sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video zilizobanwa kwa mitindo ya H.264 na HEVC, ambazo ndizo kamera nyingi zinatoa. Kwa kazi yako hilo ndilo jambo kubwa kuliko namba nyingine yoyote kwenye tangazo.

Ushauri wangu: nunua M1, ila muulize huyo jamaa RAM ni kiasi gani kabla ya kuuliza rangi. Kwenye mashine hizi RAM imekaa pamoja na chipu, haiongezwi na fundi yeyote. GB 8 itakufikisha kwenye video za 1080p bila shida, na 4K ukitumia zile nakala nyepesi mnazoziita proxy. Ukiwa na kamera mbili tatu za 4K kwenye mstari mmoja, itaanza kuazima nafasi kwenye diski na utaona inasitasita. GB 16 ni mashine nyingine. Ikiwa harusi mbili za mwezi ujao zitakufikisha kwenye bei ya GB 16, basi subiri hizo harusi. Huo ndio ungojaji pekee ninaouunga mkono hapa. Diski ya GB 256 usiihofu sana, video za wateja zikae kwenye SSD ya nje.

Utashawishiwa pia na MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019, Intel i9, kioo kikubwa, RAM GB 16 au 32, kwa bei itakayokushangaza. Wenye maduka wanajua habari za Intel kama wewe, na mzigo huo wanataka utoke. Ni mashine nzuri, na ipo kwenye zile nne za Tahoe, kwa hiyo itapata masasisho ya usalama kwa muda. Lakini inachemka, inakunywa betri, na umri wake wa mbele unajulikana. Mimi singeichukua kwa hela ya kwanza na ya mwisho.

Hii ya 2019 usiiuze kwa hofu. Bei yake ilishashuka kabla grupu lako halijaanza kupiga kelele. Ifikishe kwenye Sonoma ya mwisho, iache iwe ya ankara, mazungumzo na wateja na kunakili kadi za kamera ukumbini. Usitie hela kwenye kibodi yake, ile ya kipepeo inayokwama herufi kwa vumbi. Programu ya Apple ya kuitengeneza bure ilikuwa ya miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza, imeshapita, na kuibadilisha ni kubadilisha bamba zima la juu. Kuna chombo cha kujitolea kiitwacho OpenCore Legacy Patcher kinacholazimisha mifumo mipya kwenye Mac za zamani. Kwa kujifunza ni kizuri. Kwa mashine inayobeba harusi ya mtu ambayo hairudiwi, hapana.

Sasa twende kwa huyo jamaa, maana hapa ndipo hela hupotea. Nimekwambia kompyuta nyingi used zilikuwa za makampuni. Kampuni huiandikisha Mac kwa Apple chini ya jina lake, na uandikishaji huo haufutiki kwa kufuta diski. Muuzaji hujua kuukwepa kwa kuiwasha mara ya kwanza bila intaneti, au kwa kuzuia anwani za Apple ndani ya mfumo. Unaitumia miezi minne, siku unaifuta ili iwe nyepesi, unakutana na ukurasa wa Remote Management (usimamizi wa mbali) wenye jina la kampuni usiyoijua. Kwa hiyo mwambie akuruhusu uifute mbele yake: System Settings, General, Transfer or Reset, kisha Erase All Content and Settings. Ikiwaka upya iunganishe kwa hotspot ya simu yako, si Wi-Fi ya duka, upite hatua zote mpaka kwenye skrini ya kazi. Akikataa kwa maneno matamu, shika hela yako uondoke. Ikishafunguka, shikilia Option, bonyeza tufaha la juu kushoto, ingia System Information: mstari wa Activation Lock Status, yaani kufuli la akaunti ya mwenye mashine, useme Disabled, na ukurasa wa Power ukuonyeshe idadi ya mizunguko ya betri. Betri hizi zimekadiriwa mizunguko 1,000. Ikikaribia hapo, gharama ya betri mpya itoke kwenye bei yake, si yako.

Mashine iliyofungwa kwa iCloud, yaani kwa akaunti ya Apple ya mwenyewe, usikubali kuambiwa kuna fundi ataifungua. Anayeweza ni mwenye akaunti ile au Apple wenyewe wakioneshwa risiti ya ununuzi halisi. Risiti ya mkono ya Kariakoo haihesabiki huko.

Kama huna mazoea na mambo haya, mlipe fundi unayemwamini aende nawe dukani. Atafungua kifuniko cha chini aangalie kama kuna alama za maji, jambo ambalo macho yako hayawezi kuliona kwa nje. Na kuna kitu kimoja kwenye Air yako ya 2019 ambacho usinisubiri mimi wala mtu wa grupu: iweke juu ya meza iliyonyooka ikiwa imefungwa. Ikiyumba, au mfuniko haukai sawasawa, au sehemu ya kugusia imeanza kuinuka au imekuwa ngumu kubonyea, betri imevimba. Nakili kazi zako, izime, usiichaji tena, usiibonyeze wala kuichokonoa, na uipeleke kwa fundi wa Mac siku hiyo hiyo.